Je, Ni Kosa Kumdanganya Mke Bei ya Divai?

Tuchukue mfano. Mume anataka kuadhimisha miaka kumi ya ndoa. Ananunua chupa ya divai nyekundu kwa shilingi 1,000. Wakiwa mezani anamwambia mkewe, "Mama watoto, hii ni ya shilingi 10,000. Leo nimeamua!" Mke anaonja, anatabasamu, anasema tangu azaliwe hajaonja divai nzuri kama hiyo. Jioni inakuwa njema. Je, mume huyu amemkosea mkewe?

Akina baba wengi watajibu upesi: amemkosea nini? Pesa za nyumba hazikupotea, na mama amefurahi. Jibu hilo tusilidharau, maana lina nguvu kuliko linavyoonekana. Mwaka 2008, wataalamu wa California Institute of Technology na Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, walichapisha uchunguzi wao. Waliwaonjesha watu 20 divai huku mashine ikipima kazi ya bongo zao. Divai ile ile ilitajwa mara kuwa ya dola 10, mara kuwa ya dola 90. Iliposemwa ni ya dola 90, watu waliipenda zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilichangamka zaidi. Kumbe hawakuwa wakijifanya. Utamu waliusikia kweli. Lakini walipoonjeshwa bila kutajiwa bei yoyote, tofauti ile haikuonekana.

Basi furaha ya mke wetu ni ya kweli. Swali linalobaki ni hili: amefurahia nini?

Tuseme chupa ile ilikuwa ya Pinotage, divai nyekundu nzito ya Afrika Kusini ambayo mara nyingi hupatikana kwa bei nafuu. Mzabibu wake ulianza mwaka 1925 huko Stellenbosch, Profesa Abraham Perold alipozalisha mche mpya kutokana na aina mbili: Pinot Noir, ambao ni mgumu kuutunza, na Cinsaut, unaostahimili joto. Anayeonja kwa makini huitazama kwanza ile rangi nzito inayotoka kwenye maganda ya zabibu. Huinusa, akapata matunda meusi, pengine na harufu kama ya moshi. Kisha huisikia kinywani, pamoja na ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyoachwa na majani yake muda mrefu. Akila kipande cha nyama choma chenye mafuta, ukakasi ule hulainika.

Hayo yote yalikuwa ndani ya glasi. Mke angeweza kuyapenda au kuyakataa, kwa ulimi wake mwenyewe. Mume alipomtajia shilingi 10,000 alimfunga ulimi. Mke alisifu tarakimu, si divai, tena tarakimu ambayo haipo. Mezani walikuwa wawili, lakini kila mmoja alikuwa na chupa yake: mmoja ya elfu moja, mwingine ya elfu kumi. Hapo ndipo penye kosa. Hata kama uongo ule haukumpunguzia mke chochote mfukoni, ulimwacha peke yake katika furaha ambayo walipaswa kuwa nayo pamoja.

Tena uongo huu haukai kimya. Mke atawasimulia dada zake. Mwakani atatarajia chupa kama ile. Karo ya shule ikichelewa, atakumbuka zile 10,000 na roho itamuuma. Na siku atakapoiona chupa yenyewe dukani na bei yake chini, hataacha kuamini habari ya divai tu. Atajiuliza ni sifa gani nyingine aliyopewa isiyo ya kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na ndani ya nyumba huwa fupi zaidi.

Wengine watasema kwamba kitu cha bei ndogo ni dharau kwa mke, kwani rahisi ni ghali. Si lazima iwe hivyo. Katika bei ya divai ghali mna pipa jipya la mti wa mwaloni, miaka ya kutunzwa ghalani, na jina la shamba. Bei ndogo yaweza kumaanisha tu kwamba gharama hizo hazikuwemo. Wahenga walisema pia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Heshima ya zawadi imo katika kumjua unayempa: kwamba mke wako hupenda chai kali, kwa hiyo ukakasi huu huenda ukampendeza.

Hatusemi kwamba mume aanze kwa kutangaza bei. Kunyamaza si kudanganya. Lakini akiulizwa, aseme ukweli bila kuona haya. Nao akina mama wajichunguze: mara nyingi mume hudanganya bei kwa sababu anaogopa kwamba upendo wake utapimwa kwa risiti. Mke anayecheka zawadi ndogo humfundisha mumewe kusema uongo.

Basi jaribuni hivi. Chupa mbili za bei mbalimbali zifungwe gazeti, mtu mwingine amimine, nanyi muonje kidogo kidogo, kila mmoja aseme lililo moyoni kabla ya kujua bei. Msipokubaliana, msigombane, ndimi mbili hazilazimiki kupenda kitu kimoja. Mjamzito na asiyekunywa wasishurutishwe. Kisha fungueni magazeti. Iwapo ile ya shilingi 1,000 ndiyo iliyowapendeza, mmejua jambo la kweli juu yenu wawili, na pesa iliyobaki mtaipangia kazi pamoja.