Kungojana na Kuandamana

Watu wa nyumba moja watembeapo bondeni au mlimani, hawawezi kuwa na mwendo mmoja. Kijana wa miaka kumi na saba huparamia majabali kama mbuzi. Baba yake hufuata akihema. Nyanya hutafuta mahali pa kuweka mkongojo kabla hajaweka mguu, na mtoto wa miaka mitano husimama kila baada ya hatua kumi ili amtazame mdudu. Hapo huzuka swali ambalo ni dogo kwa kulitazama, lakini ni kubwa kwa kulifikiri: mwendo wa safari ni wa nani? Je, mwenye nguvu amfuate mnyonge, au mnyonge ajikaze amfuate mwenye nguvu?

Na tulipime swali hili katika bonde moja la nchi yetu. Kusini ya ziwa Naivasha iko Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, iliyowekwa mwaka 1984. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 68 hivi, nao ni mdogo ukilinganishwa na mbuga nyingine za Kenya. Lakini ina sifa moja isiyopatikana katika nyingi ya hizo, kwamba mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya punda milia, twiga, swala na ngiri. Kwa sababu hiyo jamaa nyingi huenda huko pamoja na watoto wao. Njia hupita katika uwanda ulio baina ya magenge marefu ambamo tumbusi hujenga matundu yao. Karibu na njia husimama nguzo ya mwamba, urefu wake wapata mita 25, iitwayo mnara wa Fischer kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883. Mbele zaidi nchi hupasuka ikawa korongo jembamba la Njorowa, lililochimbwa na maji zamani za kale, wakati ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo sasa na kufurika kuelekea kusini. Katika kuta za korongo hilo hutiririka maji ya moto, kwa maana chini yake mna joto lile lile ambalo tangu mwaka 1981 limetumiwa huko Olkaria kuzalisha umeme.

Uwandani, tofauti ya mwendo haidhuru sana, maana kila mtu humwona mwenziwe. Korongoni mambo hugeuka. Njia hupinda, mawe huteleza, na mtu aliyetangulia hatua hamsini haonekani tena.

Mwenye nguvu ana hoja zake, na si haki kumhukumu kabla ya kumsikiliza. Husema: Nguvu hizi sikuziiba. Ujana ni mfupi, na jua halimngoji mtu. Tukienda sote kwa mwendo wa mtoto, jioni itatukuta hatujaliona korongo, na hasara itakuwa ya wote. Pengine huongeza methali isemayo, mwenye nguvu mpishe. Hoja hizi zina uzito, na jamaa nyingi, zikitaka kumridhisha kila mtu, hupatana hivi: wepesi watangulie, kisha wakae kivulini wawangoje wazito.

Mapatano hayo yana sura ya haki. Lakini hebu tuyahesabu. Kijana hufika kivulini, huketi robo saa, hunywa maji, na jasho lake hukauka. Nyanya hufika akitweta. Mara tu afikapo, wale waliokwisha pumzika huinuka, wakajifuta mavumbi, wakasema, "Haya, nyanya, twende." Basi aliyechoka kuliko wote ndiye aliyepumzika kidogo kuliko wote. Jambo hili likitendeka mara tano kwa siku moja, wenye nguvu watakuwa wamepumzika mara tano, na mnyonge hata mara moja. Na ajabu yake ni kwamba haya hutendwa kwa jina la hisani.

Yako madhara mengine, makubwa kuliko uchovu. Nyanya huziona nyuso za wanaomngoja. Hazina matusi, lakini zina hesabu ya dakika. Kwa hiyo hujihimiza kuliko awezavyo, huficha kwamba goti linamuuma, na safari nyingine itajwapo husema, "Nendeni tu, wajukuu wangu, mimi nitalinda nyumba." Hakuna aliyemfukuza, na hata hivyo amefukuzwa.

Hapa ndipo nionapo tofauti ya kungoja na kuandamana. Anayengoja hutoa muda wake. Anayeandamana hujitoa mwenyewe. Wa kwanza husema kwa kimya chake, "Safari ni yangu, nawe umeichelewesha." Wa pili husema, "Safari ni yetu, na hapa ulipo ndipo tulipofika." Mtu aweza kungoja kutwa nzima asiandamane na mtu yeyote.

Korongo lenyewe laongeza sababu nyingine. Mwezi wa Aprili mwaka 2012 maji ya ghafula yaliingia humo yakaua watu saba, na mwezi wa Septemba mwaka 2019 msiba kama huo uliua watu saba tena. Mvua yaweza kunyesha katika vilima vya mbali hali watembeao chini hawajapata hata tone, na njia kavu ikageuka mto kwa muda mfupi. Sisemi kwamba mwendo wa marehemu hao ndio uliowaponza. Maji hayamwulizi mtu mwendo wake. Nasema tu kwamba ziko sehemu ambazo dakika chache ni uhai, na huko mkono ulio mbali si mkono. Mawingu yakionekana vilimani, au askari wa mbuga wakisema kwamba njia imefungwa, anayepasa kuwa wa kwanza kukubali kurudi ni yule mwenye nguvu, maana yeye ndiye awezaye kuwashawishi wengine waendelee.

Mtu atauliza, je, nguvu zizikwe? La, zipewe kazi. Mwenye nguvu na auchukue mzigo wa wote. Na atangulie kulijaribu jiwe, kisha arudi kumshika mtoto mkono. Uwandani, penye usalama, na akimbie hata akate kiu yake ya kukimbia, maadamu atarejea. Na siku nyingine aende na wenzi wa rika lake wapande mlima Longonot ulio jirani, wenye urefu wa mita 2,776, kwa mwendo waupendao. Hiyo ni haki yake, wala hana sababu ya kuona haya. Lakini safari iliyoanzwa kwa jina la jamaa ni mali ya jamaa yote.

Mnyonge naye ana wajibu. Imempasa aseme kweli mapema, kabla ya kushuka mahali ambapo hawezi kupanda, wala asikubali kwa aibu jambo ambalo mwili wake umelikataa. Pia asiufanye unyonge wake kuwa hatamu ya kuwaburuta wengine wasipotaka. Kuandamana ni kazi ya pande mbili.

Ninyi wanafunzi mwaijua safari hii hata kama hamjafika Naivasha. Darasani yuko amalizaye hesabu mapema, akakunja mikono, akamtazama jirani yake anayehangaika. Amemngoja, ni kweli. Je, ameandamana naye? Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini, nao walisema hivyo ili kumwonya mwenye kiburi kwamba ataanguka. Mimi ningependa aliye juu ateremke kwa hiari yake, angali na nguvu za kushika mkono wa mtu.