Sanduku la Hewa la Baba

Mnunuzi alitaka gari la baba lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Boneti ilikuwa wazi, naye akagusa sanduku la hewa kwa ncha ya kidole. "Hili silitaki. Nani alilitengeneza?"

Baba ndiye aliyelitengeneza. Gari ni Datsun 240Z la mwaka 1972, injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, kabureta mbili ubavuni. Hewa yote inayoingia kwenye kabureta hizo hupita kwanza kwenye sanduku la bati lenye chujio la karatasi. Kwa barabara zetu sanduku hilo si pambo: vumbi likipenya husaga ringi na kuta za silinda polepole, kama msasa, mpaka injini ianze kula oili. Magari ya aina hii yalishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Ile mara ya pili dereva alikuwa Shekhar Mehta, na baba, akiwa bado mtoto, alisimama kando ya barabara akafunikwa na vumbi la magari hayo. Alipata la kwake baada ya miaka mingi, limechakaa, halina sanduku. Akakata debe la mafuta ya kupikia, akalikunja, akalichomelea.

Mimi nasoma falsafa, shahada ya uzamili, na karo ya muhula huu ilikuwa itoke kwenye gari hilo. Nasema mapema kwa sababu mwenye deni la karo si hakimu mzuri. Mama hana subira na falsafa: "Liuze, mwanangu. Likikaa hapo linaota kutu tu." Mnunuzi mwenyewe alileta sanduku la kiwandani, kuukuu, akaniachia nilitoe kutu, nilipake rangi na kulifunga.

Usiku huo nilimkumbuka John Ruskin, aliyeandika mwaka 1849 kwamba kurejesha jengo la kale katika hali yake ya mwanzo ni uongo, maana roho ya fundi aliyekufa haiitiki. Darasani nilimwona mkali kupita kiasi. Sasa nilimpenda ghafla, kwa kuwa aliniwekea hoja mezani. Neno "halisi" lina upendeleo. Mfanyakazi wa Japani aliyekunja bati anaitwa halisi. Baba aliyekunja la kwake Nairobi anaitwa kiraka. Kwa nini mkono wa kwanza uwe na haki kuliko mkono uliolifanya gari liendelee kutembea?

Niliamka nimejiandaa kulitetea debe. Nikalifungua, nikaanza kuondoa masizi kwa msasa ili mnunuzi alione likiwa safi. Chini ya masizi ikatokea rangi ya chungwa.

Sanduku la kiwandani nalo ni la rangi ya chungwa. Kwa hiyo baba hakupaka rangi yoyote aliyoikuta. Aliitafuta ile ile. Hakuwa akibuni kitu chake, alikuwa akiiga asichoweza kukipata, na mtu angemletea lile la kiwandani, nadhani debe lingeishia jalalani jioni hiyo hiyo. Nilichokuwa nakitetea ni hamu yangu mwenyewe, nimeipa jina lake.

Nikafunga la kiwandani. Lakini gasketi zake sikuzitupa. Kwenye uso wa kabureta za aina hii mna vitundu vidogo vya kupitisha hewa kwenda chini ya pistoni. Gasketi ikivifunika, pistoni haipandi inavyopaswa, na gari hukosa nguvu huku fundi akikuna kichwa. Baba alivikata kwa wembe, kila kimoja mahali pake. Pembeni pa kimoja pana mkwaruzo ambapo mkono uliteleza. Zilikuwa zimelowa oili na kukauka, hazifai tena. Nikazilaza juu ya karatasi mpya ya gasketi, nikachora kwa penseli, nikakata.

Mnunuzi alipokuja kulichukua gari nilimweleza yote: debe, rangi, vitundu vilivyofuata mkono wa baba. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza kama hivyo vitundu vinaonekana boneti ikifunguliwa.

Nikamwambia hapana.

"Basi hakuna shida," akasema, akaanza kuhesabu pesa.