Daftari la Otto

Mwaka 1998 wanafalsafa Andy Clark na David Chalmers walimbuni mzee Otto, mgonjwa wa kusahau asiyeachana na daftari lake. Akitaka kwenda makumbusho ya sanaa jijini New York, hulifungua, husoma kwamba yako Mtaa wa 53, akashika njia. Inga, mhusika wao mwingine wa kubuni, ambaye kumbukumbu yake ni nzima, hukumbuka tu. Wanafalsafa hao walidai kwamba Otto na Inga wote wawili wanajua. Tofauti ni mahali ujuzi ulipowekwa.

Wenzao wengi walipinga, na ubishi haujaisha. Lakini kwa mtu mzima aliyeumia ubongo ajalini, kisha akarudi masomoni kwa mtandao, daftari hilo si la kubuni. Ni simu inayolia saa ya kipindi ikifika, na mhadhara uliorekodiwa anaousimamisha kila anapochoka. Je, akifaulu, kafaulu nani?

Nchini Marekani, sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 inavitaka vyuo kuwapa wanafunzi hawa nafuu, kama vile muda wa ziada katika mtihani. Wapo wanaonung'unika kwamba huo ni upendeleo, kana kwamba kujua ni kukumbuka upesi bila msaada. (Profesa anayenung'unika, naye huandika makala akiwa na rafu ya vitabu mgongoni.)

Tena ubongo ulioumia una njia yake ya kujifunza. Mwaka 1994 Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha kwamba watu waliopoteza sana kumbukumbu hujifunza maneno vizuri zaidi wakizuiwa kukosea tangu mwanzo. Mwenye kumbukumbu nzima hukosea, akakumbuka kwamba alikosea, akajirekebisha. Asiyekumbuka hayo hubaki na kosa lenyewe, kwa kuwa ndilo lililotangulia kumtoka mdomoni. Basi yale mazoezi ya mtandaoni yanayomtaka mwanafunzi abahatishe kwanza yanaweza kumfundisha makosa. Afadhali aonyeshwe jibu, kisha aulizwe baada ya dakika, baada ya saa, baada ya siku.

Hoja ya Otto ina sharti: daftari liwepo daima, na liaminike. Katikati ya muhula ukurasa wa masomo unapambwa upya, vitufe vinahamishwa, rekodi zinafutwa, na mafundi wanayaita mabadiliko hayo maboresho. Kama Clark na Chalmers wamesema kweli, hapo mtu amepanguliwa kumbukumbu zake bila kuulizwa. Angalau angepewa taarifa mapema, na ukurasa wa zamani ukaachwa wazi hadi mtihani upite.