Daftari la Siku Nzuri Tu

Jumanne

Soma Zaburi 139:1–4, 23, 24. Daudi anajua kwamba Mungu amekwisha kumjua. Kwa nini basi anaomba achunguzwe?

Dada mmoja, mshiriki mwaminifu, ameishi na kisukari kwa miaka kadhaa. Nyumbani ana kipima sukari na daftari la kuandikia vipimo. Kila alipokwenda kliniki daftari lake lilipendeza: 5.8, 6.2, 6.0. Siku moja alifanyiwa kipimo cha damu kinachoonesha wastani wa sukari kwa takribani miezi 3 iliyopita. Majibu hayakulingana na daftari. Muuguzi akamwuliza kwa upole, “Mama, na siku nyingine ulipima?”

Ndipo akaeleza. Siku za harusi, siku za msiba, na Sabato za chakula cha pamoja, hakukigusa kipimo. “Niliogopa ile namba,” alisema. “Niliona kama inanihukumu.”

Hakuandika uongo hata mara moja. Kila namba ilikuwa ya kweli, lakini daftari lenyewe halikusema kweli.

Soma Mwanzo 3:8–10. Adamu alijificha kwa sababu aliogopa kuonekana alivyo. Daudi anafanya kinyume. Anajileta mwenyewe, na fungu la 24 linaonesha sababu: anataka aongozwe njia. Mungu humchunguza mtoto wake ili amwongoze.

Kipimo cha sukari nacho ni cha kuongoza. Namba 13 baada ya wali na soda haisemi kwamba wewe ni mtu mbaya. Inasema sukari imepanda, nayo humsaidia daktari kupanga dawa na chakula. Namba iliyo chini ya 4 inasema: kunywa maji ya sukari sasa hivi, kisha pima tena baada ya dakika 15. Asiyepima hapati onyo hilo. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu, na mara nyingi mwanzoni mtu hasikii maumivu yoyote.

Soma Yohana 9:1–3 na 2 Wafalme 20:1–7. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu ugonjwa, imani na dawa?

Wakati mwingine ni sisi kanisani tunaowafanya wenzetu wajifiche. Mmoja husema, “Aliyataka mwenyewe kwa kupenda utamu.” Mwingine husema, “Angekuwa na imani angeacha dawa.” Wanafunzi walitafuta nani aliyetenda dhambi, Yesu hakulikubali swali lao. Hezekia alilia mbele za Bwana akaahidiwa kupona, kisha Isaya yule yule aliyeleta ahadi akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Kwa hiyo mtu asiache insulini au vidonge kwa sababu ameombewa. Anayetaka kufunga na aongee kwanza na daktari wake. Na anayechoma kidole asubuhi ya Sabato anautunza uhai aliopewa na Bwana wa Sabato.

Leo dada yule anaandika vipimo vyote. Ukurasa wenye 14.1 unafuatana na wenye 6.3. Dawa zake zilirekebishwa, na anasema kwamba hata maombi yake yamebadilika: hamletei tena Mungu siku nzuri peke yake.

Je, katika maisha yako kuna ukurasa gani ambao hutaki Mungu, au mtu anayeweza kukusaidia, auone? Unaogopa nini?

Kwa majadiliano ya kikundi: Katika chakula chetu cha pamoja, mwenye kisukari hupata cha kula bila kuona aibu? Tubadilishe nini kuanzia Sabato ijayo?