Ramani ya Mto Katuma na Swali la Jirani



Mtu akitandaza mezani ramani ya nchi ya Katavi, ile ambayo sentimita mbili zake ni kilometa moja ya njia, ataona mistari ya kahawia iitwayo kontua. Kila mstari hupita mahali penye kimo kimoja. Ikisongamana, pana mteremko mkali. Ikiachana mbali, ni mbuga tambarare. Kati yake wapita mstari wa buluu, ndio Mto Katuma. Washuka toka nchi ya juu upande wa Mpanda, waingia Ziwa Katavi, kisha Ziwa Chada. Toka huko maji hufuata Mto Kavuu hata Ziwa Rukwa, lisilo na njia ya kwenda baharini.

Basi nauliza: je, mtu adaiwa wema na jirani asiyemwona? Maana katika bonde hilo wakulima wa mpunga hujenga matuta na kuyageuza maji yaende mashambani. Wakati wa kiangazi mto hukatika, na viboko wa Hifadhi ya Katavi, iliyowekwa mwaka 1974, husongamana matopeni. Watu walio chini hungoja maji yasiyofika.

Mkulima atajibu, "Nina watoto, maji yamepita kwangu, nami nimeyatumia." Neno hili si la kudharauliwa, kwa kuwa kulisha watoto ni wajibu. Lakini wachungaji wa Gerari nao walidai kuwa maji ya bondeni ni yao, na Isaka akaondoka akachimba kisima kingine (Mwanzo 26). Isaka alikuwa na mahali pa kwenda. Aliye chini ya Katuma hana mto mwingine.

Hapo ramani yatufaa. Asimamaye shambani huona tuta lake tu. Atazamaye ramani huona kwamba mbuga ni tambarare, na tuta dogo laweza kugeuza maji mengi. Tena husoma majina ya vijiji asivyovifikia. Tangu siku hiyo hawezi kusema kwamba hakujua. Ila ramani peke yake haitoshi, kwa maana mstari wa buluu hubaki buluu hata mto ukikauka.

Kwa hiyo, enyi walimu na wazee, kabla ya kupanda waketisheni pamoja watu wa juu na wa chini, wapatane siku za kufungulia maji. Kutumia maji ni haki ya kila mtu. Kuyafunga si haki ya mtu mmoja.