Kila Mpiganaji Ana Jina

Mwaka 1990, kampuni ya Intelligent Systems ya Japani ilitengeneza mchezo wa video uitwao Fire Emblem, ukatolewa na Nintendo. Ni hadithi ya kubuni yenye wafalme, majoka na uchawi. Unachezwa kwa zamu: unawapanga wapiganaji wako kwenye uwanja wa miraba, kisha adui naye anajibu. Hautaki wepesi wa vidole, unataka kufikiri.

Kilichoupa sifa ni kanuni moja kali. Kwa kawaida, mpiganaji akiuawa, harudi tena. Naye si askari asiye na sura. Ana jina, ana kwao, ana rafiki aliyezungumza naye. Ndiyo maana wachezaji wengi huanza upya pambano zima kumwokoa mmoja tu, hata kama ushindi umeshakaribia. Matoleo ya miaka ya karibuni yanaruhusu kuiondoa kanuni hiyo, lakini wapo wanaochagua kuendelea nayo.

Naamini mvuto wa mchezo huu uko hapo hapo. Unatufundisha kuhesabu watu kwa majina yao. Tena, katika matoleo mengi, wapiganaji wanaosimama karibu karibu hupata nguvu zaidi.

Leo, msikilizaji, utaamua mambo yanayowagusa wengine, kazini, shambani na nyumbani. Kabla hujaamua, jiulize: nani ataumia? Mtaje kwa jina, kisha amua.