KIDONGE CHA JIONI NI CHA NANI?



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa mtaani kwetu alibaki nyuma akatungojea mlangoni. Ana mtoto wa kiume wa miaka 9. Mtoto huyo ana kifafa tangu alipokuwa na miaka 2, tena akili yake haikukua sawa na ya wenzake. Wanakaa chumba kimoja cha kupanga, katika nyumba ya vyumba sita hapa Kariakoo, uani mmoja, choo kimoja. Baba yake alikuwa na meza sokoni mpaka ule moto wa Julai 2021, na tangu hapo anahangaika. Kila jioni mtoto humeza kidonge cha fenobabitoni.

"Mwalimu," alisema yule mama, "nina jambo linanisumbua. Siku ile ya arusi pale nyumbani nilimwongezea nusu kidonge ili alale mapema. Watu wakala, wakacheza, yeye amelala. Hakuamka mpaka saa nne asubuhi, na alipoamka alikuwa akipepesuka. Je, nimekosa?"

Tulimwambia, "Mwanangu, tupe muda tufikiri." Tumefikiri, na kwa ruhusa yake twaandika, maana twajua hayuko peke yake.

Kwanza yatupasa kukiri la kwetu. Miaka mingi iliyopita alikaa nyumbani kwetu mtoto wa marehemu ndugu yetu, naye alikuwa na ugonjwa huo huo. Alipokaa miezi minane bila kuanguka, tulisema amepona. Kwenda kuchukua dawa kulituchosha, na kumwona akisinzia darasani kulitutia uchungu. Tukaacha kumpa dawa, wala hatukumwuliza daktari. Siku ya sita alianguka, na kabla hajapata fahamu akaanguka tena, na tena. Jirani alitupeleka Muhimbili usiku kwa gari lake. Mtoto alipona, lakini usiku ule hatujausahau.

Basi yule mama aliongeza, sisi tuliacha. Kwa macho makosa haya mawili yapo mbali, lakini mzizi wake ni mmoja. Kila mmoja wetu alikitumia kipimo cha mtoto kwa haja yake mwenyewe. Mmoja alitaka utulivu, mwingine alitaka kupumzika na safari za hospitali. Hakuna aliyeuliza, "Mtoto huyu anahitaji nini?"

Hapa inafaa tukumbuke dawa hii ililetwa kwa ajili gani. Nguvu yake ya kuzuia kifafa iligunduliwa Ujerumani na daktari Alfred Hauptmann mwaka 1912, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima mwaka 1977, dawa hii ilikuwamo. Haing'oi ugonjwa, inauzuia tu, kama tuta linavyozuia maji. Ukilibomoa tuta ghafla, maji huingia kwa nguvu kuliko mwanzo. Ndiyo sababu daktari akitaka kuiondoa huipunguza kidogo kidogo, na mtoto anapokua hupimwa uzito upya ili kipimo kibadilishwe.

Nchini mwetu iko habari ya Mahenge, katika Wilaya ya Ulanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya kifafa kati ya Wapogoro. Aliwakuta wagonjwa wakiwa na makovu ya kuungua, kwa sababu waliangukia moto wa kupikia. Watu waliogopa kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza, kwa hiyo mgonjwa alikula peke yake, alilala peke yake, na mara nyingine akianguka hakuna aliyethubutu kumgusa. Hofu hiyo ilikuwa bure, kwani kifafa hakiambukizi. Wagonjwa wengi walipotumia fenobabitoni kwa utaratibu, kuanguka kulipungua, na njia ikafunguka ya kurudi shambani na kwenye sahani moja na ndugu zao.

Hapo ndipo tulipopata jibu letu. Kazi ya dawa hii ni kumrudisha mtoto kati ya watu. Ile nusu ya arusi ilimwondoa kati ya watu. Kidonge ni kile kile kimoja, ila kazi yake imegeuzwa.

Mtu atasema, "Mwalimu, wewe hulali chumba kile." Ni kweli. Mama aliyechoka hamlei mtoto vema, na kutamani usingizi si dhambi. Kama mtoto hatulii, halali, au kama dawa yenyewe inamfanya azubae au ahangaike, maana kwa watoto wengine huwa hivyo, daktari aambiwe. Anaweza kupunguza, kuongeza au kubadilisha. Kumwambia daktari, "Nimechoka, nisaidie," hakuna aibu. Ubaya umo katika kuamua kwa siri. Kipimo chetu kiwe maswali mawili: Nilichofanya, naweza kumweleza daktari bila kuficha? Na mtoto huyu kama angejua kusema, angekubali?

Swali hilo la pili ni zito, kwa sababu mtoto wa namna hii hawezi kutushitaki. Mtoto mwingine atasema, "Mama, dawa hii inanilevya." Huyu atameza, basi. Asiyeweza kudai haki yake, ndiye anayestahili uaminifu wetu zaidi. Hata kidonge kisifichwe ndani ya uji. Aambiwe, "Hii ni dawa yako," ajapoelewa nusu tu.

Wako pia wanaosema kwamba kumeza dawa kila siku ni kukosa imani. Tusome tena Marko 9. Baba yule alimleta mwanawe mbele ya Bwana na kueleza yote: ugonjwa ulianza lini, na jinsi unavyomtupa motoni na majini. Hakuficha kitu, hata uchache wa imani yake aliutaja. Nacho kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kuwa dawa nazo zatoka kwa Mungu. Sala na kidonge havigombani.

Lakini tusimtwike mama huyu mzigo wote. Tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu, tuliwaonya wanachuo kwamba darasa kimya si lazima liwe darasa linalojifunza. Huenda mwalimu anapenda kimya tu. Usiku ule wa arusi nasi tulikuwapo uani. Tulikula pilau, tukasema, "Leo mtoto ametulia, Mungu ni mwema." Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza yuko wapi. Utulivu ule mama aliununua kwa nusu kidonge, nasi wageni tuliufurahia.

Basi tumekubaliana naye hivi. Kidonge atakitoa kwa kipimo cha daktari, saa ile ile, na kukiandika daftarini. Dawa isingojewe mpaka iishe ndipo itafutwe. Nasi majirani tutakaa na mtoto kwa zamu siku ya shughuli, tukijua la kufanya akianguka: kumlaza ubavu, kumwondolea vitu vya kumwumiza, kutomtia kitu chochote mdomoni, na kumkimbiza hospitali akipitisha dakika 5 bila kutulia au akianguka tena kabla ya kupata fahamu.

Mwezi ujao iko arusi nyingine mtaani. Mtoto atakaa nasi mkekani, naye atakula pilau. Akipiga kelele, tutavumilia.

Mungu awatie nguvu wazazi wote waliao kimya.